Je, kerneli ya Linux ichambue kichwa cha PE ili kuhakiki saini?

Mleta mada
Wakuu, kwenye mashine yenye Secure Boot (ulinzi unaoruhusu kuwaka kwa programu zenye saini tu), kexec ikitaka kupakia kerneli mpya (kiini cha mfumo) bila kupitia programu-dhibiti, kerneli iliyopo hukagua kwanza saini ya hiyo inayokuja. Kwenye x86 (vichakataji vya Intel na AMD) saini imo ndani ya faili la PE, umbizo la Microsoft la faili za programu. Kuifikia unasoma herufi MZ, unakwenda nafasi ya 0x3c kujua kichwa cha PE kilipo, unavuka kichwa cha COFF, ndipo unakuta jedwali la vyeti lilipoelekezwa. Yote hayo kwa faili ambalo bado huliamini! Kazi hiyo haifai kuwa ndani ya kerneli. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mwenyewe aliikataa PE mwaka 2013.

Kibo64
Mkuu, hapo umechanganya mambo mawili. Alichokataa Februari 2013 ni ombi la David Howells wa kampuni ya Red Hat la kuingiza funguo zilizofungwa ndani ya faili la PE lenye saini ya Microsoft. Alisema X.509 (umbizo la kawaida la vyeti) ipo, anayetaka PE aichambue kwenye mashine yake ya kusainia. Uhakiki wa PE kwa ajili ya kexec uliingia mwaka uliofuata, toleo la Linux 3.17, na uliandikwa na Howells huyohuyo.

Bi Mashine
Historia sawa, ila hatari iko palepale. Shim (programu ndogo inayohakiki saini kabla Linux haijawaka) toleo 15.8 la Januari 2024 ilitoka na viraka kadhaa, kimojawapo cha udhaifu uitwao CVE-2023-40549: kusoma nje ya mipaka wakati wa kuhakiki saini ya PE. Shim kazi yake ndiyo hiyo, na bado iliteleza.

Kibo64
Lakini kexec haitumiki bila mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine). Huyo anayekuletea faili bovu ameshaingia ndani.

Bi Mashine
Ndiyo maana ya lockdown (hali ya kerneli ya kujifungia), mkuu: hata root asiweze kuigusa kerneli. Ukisema root tumwamini, basi zima Secure Boot ukalale. Halafu kuna hili watu hawalisemi: saini ya PE haifuniki faili zima. Hashi (muhtasari wa faili unaosainiwa) inaruka uga wa checksum, ingizo la jedwali la vyeti, na jedwali lenyewe. Saini ya kubandikwa mkiani, kama ya moduli za kerneli tangu Linux 3.7, inafunika kila kilichotangulia, na maelezo yake ni baiti 12 tu. IBM wanaitumia kwa kexec ya s390, kompyuta zao kubwa.

Mleta mada
Umenimalizia hoja.

Sysadmin wa Zamu
Mimi kinachonitesa si wadukuzi, ni ukali wa mchambuzi. Mpaka 2023 kerneli ilidai urefu wa bahasha ya saini uwe umekamilishwa kwa mafungu ya baiti 8, wakati pesign, zana ya kusaini faili za PE, iliacha kuukamilisha tangu 0.110. Saini halali, kexec inagoma: "PEFILE: Signature wrapper len wrong". Waliosoma vipimo vya umbizo la PE upya wakakuta havikudai hivyo, sharti likalegezwa.

Hata hivyo siungi mkono kuiondoa. UEFI haitambui kingine zaidi ya PE, kwa hiyo faili litasainiwa hivyo mtake msitake. Kerneli ya vichakataji vya Arm64 nayo inategemea msimbo uleule. Mkiutoa, kila msambazaji wa Linux asaini mara mbili na kutunza ufunguo wa pili. Nani kati yenu yuko tayari kuutunza?