Kuhamisha kundi letu la habari: phpBB, Discourse au tubaki na NNTP?

Mkunazini
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine salaam. Tuna kundi la habari la wasikilizaji wa redio za masafa mafupi, la kusoma kwa NNTP, yaani njia ya zamani ya kuvuta na kutuma mabandiko kwenye seva kwa programu maalumu badala ya wavuti. Mzee anayetutunzia seva anastaafu na mashine itazimwa mwisho wa Juni. Nimepewa kazi ya kutafuta makazi mapya. Naona njia tatu: jukwaa la wavuti la phpBB, jukwaa la wavuti la Discourse, au seva nyingine ya NNTP tuendelee kama zamani. Ipi bora?

Fundi Kombo
Mkuu, umeuliza bila kutupa vipimo. Mko wangapi? Mabandiko ya nyuma ni mangapi? Bajeti? Nani ataamka usiku seva ikikwama? Na kubwa kuliko yote: kundi liko ndani ya Usenet, ule mtandao wa seva nyingi za makundi ya habari duniani, au ni seva yenu peke yenu? La Usenet halifi seva moja ikizimwa, maana kila bandiko hunakiliwa kwenye seva nyingine. Mngehamia Eternal-September, seva ya Usenet, ni bure, na maisha yangeendelea.

Mkunazini
Ni yetu peke yetu, inaendeshwa kwa INN, programu ya seva ya makundi ya habari. Waandikaji kama 30, wasomaji sijui. Mabandiko kama 40,000 tangu 1999.

Sharifa wa Leicester
Discourse. Watu wa lugha ya programu ya Fortran walifungua jukwaa lao la Discourse 2020, ingawa kundi lao la Usenet, comp.lang.fortran, bado lipo. Wajenzi wa Python, lugha nyingine ya programu, nao waliacha orodha yao ya barua pepe wakaenda hukohuko. Inakumbuka ulipoishia kusoma, na mtu anaweza kujibu kwa barua pepe bila kufungua jukwaa lenyewe, jambo litakalowafaa wazee wenu. Ina skripti ya kuingiza mafaili ya mbox, yanayohifadhi ujumbe mwingi ndani ya faili moja. Ila inataka seva yenye RAM ya GB 1 angalau na Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kifurushi chake, kwa hiyo ile nafasi ya bei poa ya kushirikiana na wengine haitatosha. Hapo ndipo phpBB inapoishinda.

Babu wa slrn
Wanangu, mnakimbilia wapi? Discourse inapanga majibu kwenye foleni moja. Kwenye slrn, programu yangu ya kusomea makundi, nauona mti mzima: nani kamjibu nani, tawi lipi limepotoka, nalikata kwa kitufe kimoja. Na bando je? Mabandiko ni maandishi matupu. Napakua 200 kwa chini ya MB moja, naenda nayo shamba kusiko na mtandao, jioni majibu yangu yanatoka yote kwa pamoja. Jukwaa la wavuti linanitaka niwe hewani muda wote.

Sharifa wa Leicester
Shikamoo babu. La matawi nakubali, umesema kweli. Lakini kijana mwenye simu tu slrn ataipata wapi? Ukimwambia aandike anwani ya seva na mlango 119, harudi tena.

Nahodha_83
Nisimulie yaliyotukuta 2011. Sisi ni mafundi wa injini za boti. Tulitoka NNTP tukaenda phpBB kwa kampuni fulani ya kukodisha nafasi. Aliyetuhamisha aliandika skripti yake. Ikachukua kichwa na mwili wa kila bandiko, ikatupa Message-ID (utambulisho wa bandiko) na References (orodha ya mabandiko linayoyajibu), na humo ndimo uhusiano wa swali na jibu unamokaa. Kila uzi ulioitwa "Pampu" tangu siku ya kwanza ukalundikana kuwa uzi mmoja. Jibu la pampu ya maji likakaa chini ya swali la pampu ya mafuta. Tarehe zote zikawa za siku ya kuhama. Wazee walipoona mabandiko yao yameandikwa "Mgeni", wakakataa kujisajili upya. Nusu wakabaki kule, nusu huku, swali moja linaulizwa mara mbili na hakuna anayepata jibu kamili. Miezi 14 baadaye diski ya ile kampuni ikafa. Nakala ya akiba hawakuwa nayo, nasi hatukuwa tumechukua yetu. Ya zamani tuliyapata kwa mwenzetu mmoja wa Mombasa aliyekuwa nayo ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe na makundi ya habari. Ya jukwaani yalipotea yote, yakiwemo maelezo ya fundi wetu mkubwa ya kufufua injini iliyozama baharini. Alikuwa ameshafariki. Hadi leo inaniuma.

Kijana wa Kigamboni
Poleni sana mkuu. Ila Usenet si imeshakufa? Google waliifunga Februari 22, 2024.

Babu wa slrn
Hawakuifunga, walijitoa. Google Groups ilikuwa dirisha tu la kuingilia Usenet. Tena waliondoka baada ya matangazo taka kufurika kupitia dirisha hilohilo.

Fundi Kombo
Babu, tuwape haki yao. 2001 walinunua hifadhi ya mabandiko ya Usenet ya Deja News, na mwaka huohuo wakafungua mabandiko ya tangu 1981. Mengi ya miaka ya mwanzo yalitoka kwenye tepu alizozitunza Henry Spencer pale Chuo Kikuu cha Toronto.
Mkunazini, halafu si lazima uchague upande. Watu wa lugha ya programu ya D wana forum.dlang.org: chini kuna NNTP, juu programu ya DFeed inaonyesha mabandiko yaleyale kwenye wavuti. Kijana anaandika kwa simu, Babu anasoma kwa slrn, uzi ni mmoja.

Mkunazini
Hiyo imenivutia sana. Ila nani ataiendesha? Mimi ni mwalimu wa fizikia.

Kijana wa Kigamboni
Fungueni Telegram, dakika mbili tu.

Nahodha_83
Na mabandiko 40,000 utayaweka wapi?

Fundi Kombo
Bajeti bado hujaitaja, mkuu. Na jambo jingine: INN hufuta mabandiko ya zamani yenyewe isipoambiwa vinginevyo. Hayo 40,000 umeyaona kwa macho yako?

Mkunazini
Nimempigia mzee sasa hivi. Kwenye mashine yapo ya kuanzia 2004. Ya nyuma ya hapo aliyachoma kwenye CD, hakumbuki ziko kabati lipi. Nakwenda kwake Jumamosi.

Nahodha_83
Ukizipata usizijaribu kwenye kompyuta ya kwanza utakayoikuta hapo. Zifute vumbi, beba diski yako, na ikikubali kusoma nakili palepale. Huenda isisome mara ya pili.