Mrejesho: kiwanja cha watoto kwenye estate yetu mpya huku Uingereza

Wakuu habari, mi ndo yule niliyeuliza kuhusu mjenzi aliyeahidi kiwanja cha watoto na hela ya shule, nyumba zimejaa watu na pale bado matope.

Basi nimefuatilia. Ahadi zile zimo kwenye mkataba wa mjenzi na halmashauri unaitwa Section 106, unatokana na sheria ya mipango miji ya 1990, na halmashauri lazima iuweke kwenye rejista ya wazi, nikaukuta kwa namba ya maombi ya ujenzi, makaratasi balaa. Utamu wote uko kwenye kipengele cha lini: kiwanja kiwe tayari kabla idadi fulani ya nyumba haijahamiwa. Sisi tumeshaipita kitambo! Nani alikuwa anahesabu? Na halmashauri inaruhusiwa kumchaji mjenzi ada ya kusimamia huo mkataba, sasa kama ilichaji sijui ilisimamia nini.

Nikacheki na ripoti ya halmashauri ya hela za wajenzi, ile inayotakiwa kutoka kila mwaka kabla ya Desemba kuisha. Ya shule imeshalipwa ila imekaa tu, na mkataba wetu una muda, ukiisha hela inarudi kwa mjenzi.

Diwani wetu kalibeba, kauliza kwenye kamati, afisa kaja kupiga picha na barua imetumwa. Mjenzi akizingua wanaweza kwenda mahakamani kuomba amri. Bembea bado hatujaiona.