APEX inagoma kwenye kompyuta yangu: nataka kukadiria moshi wanaovuta mama lishe

Nuru_wa_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, naombeni mnisogeze.

Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya mazingira hapa Dar. Utafiti wangu unahusu moshi wanaovuta mama lishe wanaopikia mkaa, Temeke na Tandika. Msimamizi wangu kasema nitumie APEX, programu ya bure ya EPA, lile shirika la mazingira la serikali ya Marekani. Inaunda watu wa kubuni, inawatembeza siku nzima nyumbani, barabarani na kazini, halafu inakadiria kila mmoja amekutana na uchafu kiasi gani.

Nimeipakua, zipu nimeifungua. Nikiibofya mara mbili, kidirisha cheusi kinatokea na kupotea kabla sijasoma kitu. Nikafundishwa kuiita kwa amri, hapo mfano uliokuja nayo ukatembea mpaka mwisho. Lakini nikilifungua lile faili la udhibiti la mfano, linaloiambia programu isome mafaili gani, kwa Notepad, nikabadilisha kidogo na kuhifadhi nakala, kisha kwenye folda nikaipa jina langu, programu inadai faili halipo. Lipo! Naliona kwa macho, udhibiti.txt, ndani ya C:\Users\Nuru Tz\Utafiti wa Moshi.

Nikaamua kuacha udhibiti wa mfano kama ulivyo, nikabadilisha faili la hewa tu, nikaweka PM2.5, yaani chembe laini za moshi na vumbi, za kipimahewa cha bei nafuu tulichofunga kwenye nguzo karibu na soko. Ikatembea. Ila majibu ni vituko: saa moja iko juu, inayofuata iko chini kabisa, tena juu, tena chini. Mstari wangu unaanza hivi:

48,3 61,7 55,0 39,6

Kompyuta ni Windows 10, ya mtumba, nimeinunua Kariakoo. Nzuri tu, isipokuwa kibodi yake ina Z mahali pa Y, na bado sijazoea. Natanguliza shukrani.

---

Babu_Kipimajoto

Mwanangu Nuru, marahaba kabla hujaniamkia. Nimestaafu kazi ya hali ya hewa na Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu, nimeishi nayo tangu ujana, na hiyo APEX yako ni Fortran. Kwa hiyo nakujibu kwa tabia za Fortran.

Kidirisha kinachopotea si ugonjwa. Programu za namna hiyo hazina vitufe wala picha, zinataka kuitwa kwa amri, na zikimaliza zinafunga mlango. Fungua folda yake, kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha njia futa maandishi, andika cmd, bonyeza Enter. Sasa kidirisha kitabaki na utasoma inachokwambia.

Faili "lisilokuwepo": Windows inaficha kiambishi cha jina, zile herufi za mwisho baada ya nukta. Ulipoliita udhibiti.txt, faili lilikuwa tayari na .txt yake iliyofichwa, kwa hiyo jina halisi ni udhibiti.txt.txt na wewe unaonyeshwa nusu. Kwenye folda nenda sehemu ya mwonekano, weka tiki kwenye viambishi vya majina ya faili, utajionea. Na hiyo njia yenye nafasi tatu katikati iache. Tengeneza C:\apex, weka kila kitu humo. Programu za umri huu ukizipa jina lenye nafasi, nyingi zinasoma mpaka kwenye nafasi na kusimama hapo.

Sasa vituko. Kibodi yenye Z mahali pa Y huenda imetoka Ujerumani, na inaelekea mipangilio ya namba nayo imebaki ya Kijerumani. Wajerumani hutenganisha desimali kwa koma. Excel yako imekuandikia 48,3 ikimaanisha arobaini na nane nukta tatu. Fortran ikisoma orodha ya namba, koma kwake ni kitenganishi sawasawa na nafasi. Imeona 48, halafu 3, halafu 61, halafu 7. Namba 24 za siku nzima zimepatikana kwenye saa 12 tu za mwanzo, na programu haikulalamika kwa sababu idadi ilitimia. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, maana linakupa grafu. Nenda kwenye mipangilio ya eneo, alama ya desimali ifanye nukta, kisha toa faili upya kutoka Excel.

Ukiwa hapohapo, angalia saa za hicho kipimahewa. Vingi vinahifadhi saa za Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele. Usiposogeza, mama lishe wako atawasha jiko saa kumi na moja alfajiri na moshi wake utaonekana saa nane usiku.

Hayo ya kusakinisha yamekwisha. Tuje kwenye jambo lenyewe.

Ndani ya programu uliyopakua wanaishi Wamarekani. Sisemi kwa ubaya. APEX imejengwa kujibu maswali ya viwango vya hewa vya Marekani, kwa mfano watoto wangapi wa mji fulani wanakutana na ozoni kupita kiasi huku wanakimbia na kuhema. Ili kumtembeza mtu wa kubuni, inachota siku nzima ya mtu halisi kutoka hazina ya shajara inayoitwa CHAD: mtu ameandika saa hii nimeamka, dakika 20 niko kwenye gari, saa hii nimepika. Ziko siku za namna hiyo nyingi mno, na takribani zote ni za Marekani. Programu inaangalia umri, jinsia, siku ya juma na joto la siku hiyo, inachagua shajara inayofanana, inamvalisha mtu wako. Sasa mwanamke wa miaka 40 wa Tandika atavalishwa siku ya mwanamke wa miaka 40 wa Ohio. Atapika jioni, ndani, kwenye jiko la umeme. Bajaji hajui ni nini. Halafu wewe utaandika kwenye tasnifu kwamba hayo ni maisha ya Temeke.

Dawa ipo. Faili za shajara ni maandishi ya kawaida, unaweza kuweka zako. Kila tukio lina saa ya kuanza, dakika, msimbo wa shughuli na msimbo wa mahali, na tukio halivuki saa: ukipika saa mbili mfululizo, ni matukio mawili. Idadi ya watu kwa kata unayo, Sensa ya 2022 iko Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Joto waombe TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Jikoni kwenyewe tumia njia ya mizania, yaani kulinganisha moshi unaoingia na unaotoka, usiridhike na ile ya kuzidisha hewa ya nje kwa kigezo. Hesabu yake si ngumu: moshi unaozalishwa kwa saa, gawanya kwa ujazo wa chumba mara idadi ya mara hewa inavyobadilika kwa saa. Mfano wa kubuni: jiko linatoa miligramu 60 kwa saa, banda lina mita za ujazo 20, hewa inabadilika mara 15. 60 kwa 300 ni 0.2, yaani mikrogramu 200 kwa kila mita ya ujazo, na hapo hujaongeza vumbi la barabarani. Toa ukuta mmoja, mara 15 inakuwa 60, moshi unashuka hadi 50. Kwa hiyo dodoso lako liulize kuta kabla ya kuuliza kipato.

Halafu usishikilie PM2.5 peke yake. Mkaa ukishakolea hautoi moshi mwingi wa kuonekana, lakini monoksidi ya kaboni unaitoa kwa wingi, na APEX ina hesabu ya gesi hiyo mpaka kiasi kinachoshikamana na damu. Kwa wapikaji wa mkaa hapo ndipo programu hii inapopata thamani yake.

---

Ongeri_Kisumu

Nuru, pole na kazi. Mimi nashangaa kwa nini mnajitesa na Fortran mwaka huu. Kuna AirQ+ ya Shirika la Afya Duniani, ilitoka 2016, ina madirisha ya kawaida, unajaza namba unapata majibu. Ina hata sehemu ya moshi wa majumbani unaotokana na kuni na mkaa. Sisi huku tuliitumia kwa ripoti ya kaunti na hakuna aliyelia. Tasnifu inataka kuisha, dada.

---

Babu_Kipimajoto

Bwana Ongeri, AirQ+ ni nzuri na ninaiheshimu, lakini inaanzia pale APEX inapoishia. AirQ+ unaiambia watu wanavuta kiasi gani, yenyewe inakwambia vifo na magonjwa mangapi yanahusiana na hewa hiyo. Swali la Nuru liko nyuma ya hapo: huyu mama anavuta kiasi gani? Ukimpa namba ya nguzo ya sokoni, umepima nguzo.

Ila nakuunga mkono kwa nusu. Nuru, kama una wanawake thelathini au arobaini na shida yako ni wao tu, hata APEX huihitaji. Karatasi ya Excel inatosha. Saa 6 kwenye jiko kwa mikrogramu 180, saa 2 kwenye daladala kwa 60, saa 16 nyumbani kwa 30: jumlisha, gawanya kwa 24, unapata 70. Namba nimezibuni, njia ndiyo hiyo. WHO tangu 2021 wanasema wastani wa saa 24 usizidi 15. APEX inastahili pale msimamizi anapotaka kuvuka kutoka wanawake hao hadi Temeke nzima, na kujua ni wangapi wanazidi kiwango, si wastani peke yake. Muulize anataka lipi kabla hujamaliza bando.

---

Mtoto_wa_Ntilie

Nimepita tu, mambo ya Fortran siyajui. Mama yangu anauza chakula Tandika tangu sijazaliwa, na naona mnaandika "saa 6 kwenye jiko" kama vile jiko ni moja siku nzima. Siyo.

Mama anaamka saa tisa usiku. Saa kumi na nusu anawasha. Kuwasha ndiyo balaa: vijiti, karatasi, mfuko wa nailoni, siku mkaa ni mbichi anamwagia mafuta ya taa kidogo. Moshi mweupe unamfuata usoni na yeye ameinama anapepea kwa mfuniko wa ndoo. Hiyo ni kama robo saa, ikizidi nusu. Ukishakolea hakuna moshi tena, maharage yanachemka, yeye anakaa pembeni anachambua mchele. Saa mbili asubuhi chapati, anakaa juu ya jiko. Mchana anagawa chakula, jiko liko nyuma yake. Saa tisa alasiri anaosha vyombo, moto umekufa. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza pale nikiwa mdogo, sijui mna msimbo wa hapo.

Halafu kama mnakuja kuhoji watu, angalieni saa. Mama akikwambia "saa mbili nakaanga" anamaanisha saa mbili yetu.

---

Nuru_wa_Temeke

Shikamoo Babu. Ilikuwa udhibiti.txt.txt kweli, nimecheka peke yangu. Nukta nimeirudisha, folda nimeihamishia C:\apex, vituko vimeisha. Saa za kipima zilikuwa za Greenwich, nimezisogeza. Kilele cha asubuhi sasa kimekaa kwenye kumi na moja, siyo usiku wa manane.

Nimeongea na msimamizi. Anataka Temeke nzima, kwa sababu ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ule wa 2024 hadi 2034. Anataka kuona wakihamia gesi ni wangapi watashuka chini ya kiwango. Kwa hiyo APEX inabaki, na shajara tutakusanya wenyewe. Ongeri, asante, AirQ+ nitaiweka sura ya mwisho.

Kwenye dodoso nimeandika saa za Kiswahili upande mmoja na saa 24 upande wa pili, mhojaji ajaze zote mbili. Babu, huo uwashaji niuweke wapi? Na Mtoto wa Ntilie, mama atakubali nimfunge kipima kidogo begani siku moja?

---

Babu_Kipimajoto

Marahaba. Kuwasha na kupika fanya mazingira mawili tofauti, kila moja na kiwango chake cha moshi. Ukiyachanganya, ile robo saa itapotea ndani ya wastani wa asubuhi, na nina wasiwasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Kukaa chini ya meza pia kupewe msimbo, sifanyi mzaha. Watoto wako pale na wana pumzi za haraka kuliko mama zao. Na usibadilishe mafaili yote kwa mkupuo: anza na mfano uliokuja na programu, badilisha shajara peke yake, tembeza, halafu hewa, tembeza. Likiharibika utajua ni lipi.

---

Mtoto_wa_Ntilie

Nimemuuliza. Anasema njoo, ila kipima kisilie lie mbele ya wateja. Njoo Jumatatu au Jumanne. Ijumaa usije, kuna pilau, majiko yanawashwa matatu na anaanza saa nane usiku.

---

Babu_Kipimajoto

Nuru, basi nenda Jumatatu na Ijumaa, na Ijumaa iwe kundi lake la siku. Programu ikiachwa yenyewe itaichanganya na Jumanne.