Naomba ushauri: tunajenga maficho ya samaki Bwawa la Mtera, nguzo zifungwe vipi ili zidumu?

Mama Migoli
Kamweneni wakubwa kwa wadogo. Ninaishi upande wa Iringa wa Bwawa la Mtera, na mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha watu 18, wavuvi na wakaangaji wa samaki. Wanaolifahamu bwawa hili wanaijua ile miti iliyofia majini bonde lilipojazwa. Matawi yake ndiyo yaliyokuwa maficho ya perege na watoto wao, lakini sasa mingi imeoza na kuanguka, mingine imekatwa kuni maji yalipopungua, na ghuba yetu imebaki wazi kama uwanja wa mpira. Kikundi kimeamua kujenga maficho mapya kwa nguzo na kuyazamisha. Naomba kujua nguzo zifungwe kwa namna gani ili zikae zaidi ya miaka 10, na ziwekwe kwenye kina gani. Nina mkutano Jumamosi na usingizi umenipaa.

Mzee wa Kihesa
Binti yangu, nia yako ni njema, lakini kabla ya kuwajengea samaki nyumba, waacheni wakue. Nimekula samaki wa Mtera tangu bwawa likiwa jipya, na siku hizi ninauziwa perege wa urefu wa kidole. Kokoro, ule wavu wa kukokota, likipita kwenye ghuba hiyo, hata mkijenga ghorofa hakutakuwa na mpangaji. Anzeni na nyavu zenu.

Wa Matema
Mimi ni wa Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, na swali lako limenirudisha utotoni. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, na kilichopasuka njiani kilikuwa kinaachiwa ziwa. Sisi watoto tulikuwa tunapiga mbizi kuvitafuta, na sikumbuki kukuta chungu kitupu, kwa kuwa daima palikuwa na samaki mdogo aliyejibanza ndani akitutazama. Udongo uliochomwa hauozi. Kwa hiyo mimi, dada, ningeacha habari ya nguzo kabisa nikaagiza vyungu vilivyopasuka.

Afisa Mstaafu
Nimefanya kazi ya uvuvi kwa miaka mingi, hivyo niruhusu niulize kabla ya kujibu. Nguzo hizo ni za mti gani, na zimetoka wapi?

Mama Migoli
Ni miti ya kawaida tu, imetoka Mufindi. Ninachoomba hasa ni namna ya kufunga, kwa sababu nimesikia waya wa kawaida hushika kutu upesi.

Afisa Mstaafu
Mufindi kuna misindano, yaani misonobari, na kuna milingoti, yaani mikaratusi, kuna mibichi na kuna iliyopitishwa kiwandani. Zina rangi gani?

Kijana wa Ipogolo
Naomba kuuliza, wakishahamia, mjumbe wa nyumba kumi upande wa samaki atakuwa nani?

Mama Migoli
Zina rangi ya kijani kwa mbali. Ngoja niseme yote, maana naona nitaulizwa hadi nichoke. Ni vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, vile vinavyobaki zikikatwa. Tumenunua vipande 140 kwa fedha ya kikundi, na mimi ndiye niliyeshauri tununue, kwa kuwa mti usio na dawa ungetuoza mikononi. Nguzo hizi husimama barabarani miaka na miaka, mvua inazinyeshea, nyasi zinaota chini yake na mbuzi wanakula nyasi hizo. Bwawa ni kubwa mno. Sidhani kama vipande 140 vinaweza kulidhuru.

Afisa Mstaafu
Asante kwa kusema. Dawa hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na ndiyo inayouzuia mti usiliwe na mchwa wala ukungu. Ni kweli kwamba bwawa ni kubwa na kwamba dawa hutoka kwa wingi zaidi miezi ya mwanzo kisha hupungua. Lakini usilitazame bwawa zima, tazama sentimita moja ya maji inayougusa mti, kwa sababu hapo ndipo vifaranga wa perege watakapokuwa wamejibanza. Shaba ndiyo inayotiwa kwenye rangi ya matumbo ya meli ili mwani na konokono wasishike. Nanyi mnataka nini kwenye maficho yenu? Mnataka mwani ushike, kwa kuwa ule utelezi wa kijani ndio chakula cha perege na cha wadudu wanaoliwa na samaki wengine. Mtakuwa mmejenga nyumba yenye kuta zinazofukuza chakula, tena shaba yenyewe huwadhuru samaki wachanga kuliko wakubwa.

Mfuga Samaki Njombe
Nami nilitia nguzo za aina hiyo kuzunguka bwawa langu dogo la kufugia, ila nje ya maji, na zipo hadi leo. Tatizo langu mimi ni baridi. Perege wa huku Njombe wanakua taratibu mno, na nimeshawaza kuhamia Usangu. Kuna mwenye uzoefu na Mbarali?

Mtazamaji
Wakuu, mnaijibu hadithi ya kutungwa. Mti mkavu wa mlingoti unaelea, na msindano unaelea zaidi. Mtu anasema atazamisha vipande 140 na hasemi popote atavizamisha kwa kutumia kitu gani. Halafu kutoka Mufindi hadi Migoli ni safari ndefu yenye nauli inayoweza kuipita bei ya vipande vyenyewe. Nahisi ni mtu anayepima hewa ili kesho atuletee namba ya mchango, au ni muuza nguzo.

Kijana wa Ipogolo
Hoja ya kuelea ni nzito. Mama Migoli, tujibu.

Mzee wa Kihesa
Vijana, msimvunjie mtu heshima kabla hajasema. Mtoto wa mwenzenu huyo.

Mama Migoli
Sikuja kuchangisha, na sitaomba hata shilingi. Vipande vililetwa na fuso lililokuwa linakuja kuchukua samaki wakavu, hivyo nauli ilikuwa ndogo. Kuhusu kuelea, ndugu Mtazamaji umesema kweli, na nimeona aibu kulitaja. Tumeshazamisha maficho sita ya majaribio mwezi uliopita, hatua kama 30 kutoka ukingoni. Tulivifunga vipande kwa viroba vya mchanga. Maji yakapungua, viroba vikaachwa nje, jua likavichana, na maficho mawili yakaelea hadi kwenye nyavu za jirani. Jirani amechanikiwa nyavu na anadai fidia. Ndiyo maana sikulala, na ndiyo maana niliuliza habari ya kufunga.

Mtazamaji
Nakuomba radhi, dada. Kiroba kuchanwa na jua si jambo analolijua mtu aliyekaa mjini akitunga.

Afisa Mstaafu
Sasa nina la kusema. Mtera ni bwawa la akiba ya maji ya umeme. Kiwango chake cha juu ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na cha chini ni mita 690, yaani maji yanaweza kushuka mita 8 na nusu. Mkiweka yote hatua 30 kutoka ukingoni wakati wa masika, kiangazi mtayakuta kwenye vumbi. Mkiyaweka yote mbali, masika yatakuwa gizani, maana maji yale ni ya tope na mwani hauoti pasipo mwanga. Yapangeni kwa ngazi kufuata mteremko, mengine juu, mengine katikati, mengine chini, ili kila msimu pawe na maficho kwenye kina kinachofaa. Chagueni sakafu ngumu, kwa kuwa tope litayameza. Na mchanga wa kina kifupi muuache wazi, kwa sababu dume la perege huchimba kiota hapo, na jike huyaatamia mayai mdomoni kisha huwaachia watoto karibu na ukingo.

Vipande vya nguzo vitoeni majini vyote, pamoja na vya yale maficho manne yaliyobaki. Jengeeni uzio na mabanda, ila mtu asivichome jikoni wala asivikaangie samaki, kwa kuwa moshi na majivu yake yana sumu. Na kabla ya kuzamisha kitu kingine, fikeni kwa BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, kwa afisa uvuvi wa wilaya, kwa wenye bwawa ambao ni TANESCO, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyopo Iringa mjini.

Mama Migoli
Nitawaambia nini wanakikundi kuhusu fedha yao? Na badala ya nguzo tuweke nini?

Fundi Zege
Waambie vipande vinauzika kwa wenye mashamba, tena kwa bei ya uzio. Badala yake anzeni na mawe, kwa kuwa milima ya huko imejaa mawe na hayaozi. Kisha tengenezeni vitako vya zege kwa ndoo kuukuu, kila kimoja lita 10, na kabla zege halijakauka chomekeni vipande vya bomba jeusi la maji vikae kama matawi, vingine karibu karibu kwa ajili ya vifaranga, vingine mbalimbali kwa ajili ya wakubwa. Bomba lile huelea, hivyo litasimama lenyewe, na kitako kitalishikilia: lita 10 za zege ni kilo 24 hivi nchi kavu, na majini hubaki uzito wa kilo 14. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), hutoa vitako kama 15. Vimwagilieni na kuvifunika kwa siku 28 kabla ya kuvizamisha.

Mama Migoli
Mifuko minne basi, vitako 60. Nimeandika. Jirani wa nyavu nitamwendea kesho asubuhi na mume wangu, kabla ya mkutano.

Wa Matema
Na vyungu, dada, usivisahau. Jumamosi nipo Lyulilo, nitakuulizia vilivyopasuka wanaviacha kwa kiasi gani.