Leseni za kuwinda simba: mwenye kosa ni mtalii mwenye bunduki au sisi tunaogawa?

Wadau habari za saa hizi. Naomba hili tulijadili bila matusi jamani, maana kila ukigusa uwindaji wa kitalii watu wanagawanyika, hawa "futeni kabisa" hawa "acheni dola ziingie", hakuna anayeuliza simba wangapi wanatolewa kitalu gani (yaani eneo ambalo kampuni imepewa kuwinda) na wana umri gani.

Tanzania ndo inaongoza Afrika kwa simba, hilo halina ubishi. Ila 2011 Craig Packer na wenzake, yule Mmarekani aliyewafuatilia simba wa Serengeti miaka na miaka, walionyesha kwamba maeneo yaliyowindwa sana ndo hayo hayo idadi ya simba wanaopatikana ilishuka kwa kasi zaidi, wakashauri kwa mwaka wasiwindwe zaidi ya simba mmoja kwa kilomita za mraba 2,000, Selous mmoja kwa 1,000. Na sababu iko wazi, ukimpiga dume mwenye familia anaingia dume mgeni na kazi yake ya kwanza ni kuua watoto wa mwenzie ili majike wapandike upya, kwa hiyo kwenye karatasi ametoka mmoja, porini kimeondoka kizazi. Ndo ikaja sheria ya miaka 6, yaani usimpige dume ambaye hajafikisha umri huo.

Sasa umri utaujuaje simba yuko juu ya chambo na jua linazama? Angalia pua. Kijana pua yake ya pinki, baadae inaota madoa meusi, akifika miaka mitano sita weusi umeshachukua nusu au zaidi. Manyoya ya shingo yasikudanganye, Selous kuna madume wazee shingoni karibu hawana manyoya. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mtalii, anajua yote haya, ila pembeni yake kuna mteja aliyelipia safari ya siku 21 na zimebaki mbili.

Halafu kwa miaka mingi kampuni ilitakiwa ilipie angalau 40% ya thamani ya mgao wa kitalu, yaani wanyama wote inaoruhusiwa kuwinda humo, iwinde isiwinde. Unamlipisha mtu kwanza halafu unamuomba asipige, wewe ungekubali?

— Kaka, Kenya walifunga uwindaji 1977 na simba wao wanapigwa picha kila siku, hela inaingia. Sisi tunang'ang'ania nini?

— Nilijua itakuja hiyo. Kenya hiyo hiyo wanyamapori wakubwa wamepungua kwa wastani wa 68% kati ya 1977 na 2016, hakuna leseni hata moja iliyouzwa, ni mifugo, mashamba, uzio na majangili. Maasai Mara sawa, watalii wanajazana. Njoo basi kwenye miombo yetu, mbung'o wanakung'ata juu ya suruali ya jinzi na kutwa nzima hujaona hata ngiri, nani atalipa kuja kupiga picha huko?

— Vijana mimi niko huku vijijini. Simba akila ng'ombe hakuna anayeangalia pua, mzoga unawekwa sumu, anakufa yeye na fisi na tai wote. Hizo dola mnazogombania sisi tumeona kibao cha kampuni tu.

— Shikamoo mzee wangu, hoja yako ni nzito kuliko yangu yote ya juu. Mimi naona mgao ushushwe uendane na ukubwa wa eneo, hayo malipo ya lazima simba atolewe humo kabisa. Fuvu na meno yakikaguliwa majibu yabandikwe hadharani kitalu kwa kitalu, aliyetoa dume chini ya miaka 6 mwaka unaofuata hana simba. Na fungu la kijiji lisomwe kwenye mkutano mkuu, shilingi ngapi zimeingia, zimeenda wapi, mwenyekiti akijibu mwenyewe.

Wale wa kufuta kabisa nawasikiliza, ila mseme kwanza mshahara wa askari wa kitalu utatoka mfuko gani siku kampuni ikifunga kambi.