Naomba ushauri: themista ya NTC kwenye LTspice

Habari wakuu. Nabuni saketi ya kudhibiti joto la mashine ya kutotolesha vifaranga, na nataka ikae sawa kwenye LTspice (programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta) kabla sijaanza kulehemu. Themista ni NTC (ukinzani wake hupungua joto likipanda) ya kilo-omu 10 kwa nyuzi 25, B 3950 (B ni namba inayoonyesha ukinzani unabadilika kiasi gani kwa joto).

tc1 na tc2, vigezo vya LTspice vya kubadilisha ukinzani kulingana na joto, hazinitoshi, maana mkunjo wake ni wa kipeo cha pili tu. Thamani ya rezista nimeiandika hivi:

R=10k*exp(3950*(1/(V(joto)+273.15)-1/298.15))

Nodi "joto" inalishwa na chanzo cha volti, volti 1 kwa kila nyuzi 1. Nimeikwepa temp (kigezo cha joto cha LTspice) kwa sababu inabadilisha joto la saketi nzima, transista zikiwemo. Kwa nyuzi 37.5 napata takriban kilo-omu 5.87, sawa na hesabu ya mkono.

Ninapokwama ni themista kujipasha yenyewe kwa mkondo unaoipitia. Nafikiria nguvu yake niigeuze kuwa mkondo unaoingia kwenye rezista na kapasita zilizo sambamba, ziwakilishe upotevu wa joto na uwezo wa kulihifadhi. Aliyewahi kufanya hivi, thamani zake ulizitoa kwenye datashiti au ulipima mwenyewe? Kwenye mayai, kosa la nyuzi moja au mbili ni hasara kubwa, ndiyo maana naliulizia kwa undani.