Naomba ushauri: boti ya jeti inanguruma lakini haisukumi

Wakuu, habari za kazi. Nina boti ndogo ya jeti (inasukumwa na pampu inayorusha maji nyuma, haina propela ya nje) hapa Jinja, Uganda. Nikiongeza mafuta, mizunguko ya injini inapanda vizuri, ila boti haiondoki. Inatetemeka kama ina kokoto ndani ya pampu. Nikipunguza kidogo, inashika tena.

Nilianza na magugu maji, maana huku ziwani ndiyo mchawi wa kila kitu. Kweli wavu wa kuingizia maji ulikuwa na mizizi. Nikaitoa yote, nafuu ikawa ndogo. Nikamulika tochi ndani: ncha za mapanga ya impela (feni inayosukuma maji ndani ya pampu) zimelika, zina vishimo vishimo, na kati yake na ringi inayoizunguka kucha inapita bila kugusa. Mwanya ule ulitakiwa usifike hata milimita 1.

Fundi mmoja anasema nibadilishe ringi tu. Mwingine anataka impela ichomelewe na kusagwa upya. Hapo naogopa, ikikosa mizani itaua beringi. Halafu sili ya shafti (kizuizi cha maji pale mhimili wa impela unapopita) inadondosha maji boti ikisimama. Je, ikiwa mwendoni inaweza kuwa inavuta hewa? Nianze na kipi kabla sijatoa pesa?